Mzizi Mtamu kwenye Mkoba

Ukiutia mkononi, mzizi wa urukususu hauna lolote la kutisha. Ni kijiti cha kahawia chenye mikunjo, unene wa kidole cha mwisho, na ukikivunja ndani kina rangi ya manjano na nyuzinyuzi kama mswaki uliokwisha kutafunwa. Utamu wake hauji mara moja. Kwanza unatafuna kama unatafuna kuni, kisha unakuja polepole, unaganda kooni, na ukinywa maji baada yake hata maji yanakuwa matamu. Nilikaa na vijiti hivyo kwenye mkoba wangu karibu miezi mitatu, pamoja na kalamu nyekundu, leso na kadi ya kliniki ya presha, na haikunipitikia hata siku moja kwamba kadi na vijiti vile vina ugomvi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, skuli ya msingi, Chake Chake. Tumbo lilianza kunisumbua msimu wa karafuu. Tulikuwa tunakaa mkekani kuchambua mpaka saa sita za usiku, na kula kwangu kukawa kwa ovyo: chai na boflo, muhogo wa kukaanga kwa pilipili, kahawa juu yake. Kikaanza kiungulia, kisha ukaja moto chini ya chembe cha moyo, unaoniamsha saa tisa za usiku. Nikanunua vidonge vya kutafuna, vikanituliza siku mbili tatu, moto ukarudi. Kupimwa sikwenda. Presha nilikuwa nayo tayari, mwaka wa pili huo, na kila asubuhi nameza haidroklorothiazidi, kile kidonge kidogo ambacho wenzangu wa kliniki hawakijui kwa jina, wanakijua kwa safari za chooni.

Mwezi wa Rajab shangazi akanambia, "Wewe mwana wewe, Ramadhani hiyo inakuja, utafunga vipi na tumbo hilo? Tafuta urukususu."

Shangazi yangu si mtu wa kubahatisha. Ndiye aliyenilea, na tulipokuwa wadogo tukikohoa akituchemshia urukususu na tangawizi na mdalasini, akishapoa anatia asali. Lakini nikikumbuka vizuri, tulikuwa tunapewa kijiko kimoja cha chai usiku, siku tatu, basi. Siku ya nne ukiomba, kwa ule utamu wake, unafukuzwa jikoni. Safari hii shangazi alinipa jina la dawa tu. Kiasi na muda nilijitungia mwenyewe.

Nikenda kwenye duka la dawa za miti pale mjini, kwa mzee mmoja tunayemwita Ami. Urukususu hauoti Pemba. Hutoka nchi kama Iran na Uturuki, na mpaka umfikie Ami umeshapita mikononi mwa watu wengi. Akanipimia robo kilo ya vijiti, akanipa na pakiti ya unga nusu kilo. Pakiti ilikuwa ya nailoni, ndani kikaratasi kimeandikwa kwa mkono: Unga wa Tumbo. Hakuna kiasi cha kunywa, hakuna tarehe, hakuna neno "usitumie kama una hili au lile". Na mimi sikuuliza. Nimenunua manjano na hiliki kwa Ami miaka yote, utauliza nini?

Nikawa nakoroga kijiko cha chai kwenye maji ya vuguvugu, asubuhi na usiku. Na hapa lazima niseme kweli: ulifanya kazi. Haikwisha wiki tumbo likanyamaza, nikalala mpaka alfajiri. Kama ungekuwa haunifai kitu ningeuacha wiki ya pili na yasingenikuta yaliyonikuta. Kwa kuwa umenifaa, nikaona ukiwa mwingi utanifaa zaidi. Kijiko cha chai kikawa kijiko cha kulia, tena cha mlima. Nikisahihisha madaftari natafuna kijiti. Ramadhani ilipoingia, jirani aliyewahi kusoma Misri akatwambia kule watu wanafuturu kwa sharubati ya urukususu, basi jagi likawa halikosekani mezani. Nyumba nzima walikuwa wakionja, mimi nikinywa.

Kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa viatu. Makubadhi niliyoyavaa miaka miwili yakaanza kunibana, na jioni nikiyavua mikanda imeacha mistari juu ya mguu. Nikibonyeza muundi kwa kidole gumba, kishimo kinabaki, nahesabu mpaka kumi bado kipo. Baba watoto akanambia, "Ramadhani ya mwaka huu imekukubali, umenawiri." Kweli niliongezeka kilo nne, ndani ya mwezi mtu anafunga! Kilikuwa si kitu ila maji.

Kichwa nacho kikawa kinagonga upande wa nyuma. Nikenda kliniki, presha niliyozoea kuiona 130 kwa 80 imefika 158 kwa 96. Nikaulizwa kama vidonge nameza, nikasema nameza, na ni kweli nilikuwa nameza. Nikaambiwa nipunguze chumvi, na kidonge kimoja kikawa viwili. Simlaumu mtu kwa hilo. Aliyenihudumia alitumia alichoambiwa, na nilichomwambia kilikuwa nusu.

Baada ya Idi ndipo mambo yalipoharibika. Ngazi za skuli yetu ni kumi na mbili. Nilikuwa nazipanda na rundo la madaftari kichwani, sasa nazipanda nimeshika ukuta, mapaja yamelegea kama ya mtu aliyetoka kwenye homa. Usiku misuli ya miguu inanikaza mpaka napiga kelele. Choo kikafunga. Halafu ukaja moyo: unapiga, unaruka, unasita kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha unapiga kwa nguvu mara moja kama kunikumbusha upo.

Kila mmoja nyumbani alikuwa na jibu lake. Mama akasema kijicho. Mwalimu mwenzangu akasema sukari hiyo, kapime. Baba watoto akasema ni funga sita nilizoziunganisha bila kupumzika. Mimi nilisema ni utu uzima, na kila usiku nikakoroga kijiko changu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, darasa la sita, sehemu na desimali. Nimeandika nusu ya hesabu ubaoni, mkono ukashuka. Sikuushusha mimi. Nikaunyanyua tena, ukafika usawa wa bega ukakataa. Chaki ikaanguka, watoto wakacheka wakidhani nafanya mzaha, na mmoja akaja kuniokotea. Nilitaka kumwambia ahsante nikajikuta nimekaa chini.

Hospitalini waliniwekea kile kipimo cha moyo chenye nyaya kifuani, wakatoa damu. Daktari alikuwa kijana, umri wa mwanangu mkubwa. Majibu yaliporudi akayasoma mara mbili. Potasiamu yangu ilikuwa 2.4, na ya mtu mzima inatakiwa iwe kati ya 3.5 na 5. Presha 178 kwa 104.

"Mama, umetapika siku hizi? Umeharisha?"

"Hata."

"Kuna dawa nyengine unatumia mbali na hizi za presha?"

"Hakuna."

Akaniuliza tena kwa namna nyengine, dawa za hospitali, za dukani, za kuomba kwa jirani. Nikamwambia hakuna, mwanangu, vidonge vyangu ni hivyo viwili tu. Na Mungu ni shahidi sikuwa namficha. Kwangu mimi dawa ni kidonge au sindano. Urukususu ulikuwa fungu moja na tangawizi na hiliki, vitu vya jikoni.

Aliyeniokoa ni binti yangu, tena bila kukusudia. Alikuwa anatafuta kadi ya kliniki kwenye mkoba, haionekani, akaanza kutoa kimoja kimoja na kuviweka kitandani: kalamu, leso, chenji, na vijiti vitatu, kimoja kimeshatafunwa nusu. Muuguzi mmoja wa makamo aliyekuwa anapita akasimama.

"Bi Mwalimu, huo si urukususu?"

"Ndio. Kwa ajili ya tumbo."

"Unatafuna kiasi gani?"

Kabla sijamaliza kujibu alikuwa ameshageuka, anamwita daktari.

Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda akanieleza, na kwa kuwa mimi ni mwalimu nilimkatisha kila hatua mpaka nikaelewa. Mwilini kuna homoni inaitwa aldosteroni, ndiyo inayoamuru figo lishike chumvi na litoe potasiamu. Ipo na nyengine, kotisoli, ambayo ni nyingi kuliko hiyo mara nyingi sana, na ikipata nafasi huweza kutoa amri ileile. Kwa kawaida haipati, kwa sababu palepale kwenye figo kuna kimeng'enya kinachoibadilisha kabla haijafika mlangoni.

"Kama bawabu," nikasema.

"Ehe, bawabu. Sasa huu mzizi wako una kitu kinaitwa glisirizini, ndicho kinachoupa utamu. Hicho kinamlaza bawabu. Kotisoli yote inaingia. Figo linadhani limeamrishwa lishike chumvi usiku na mchana, na chumvi ikikaa, maji yanakaa nayo, presha inapanda. Huku potasiamu inamwagwa kwenye mkojo."

"Na vidonge vyangu?"

"Vidonge vyako navyo vinatoa potasiamu. Kisima kimoja kinachotwa na ndoo mbili. Halafu tukakuongezea cha pili, tukaikuza ndoo."

Potasiamu ndiyo inayofanya misuli ikaze na kulegea inavyotakiwa, na moyo nao ni msuli. Hakuniambia mengi zaidi ya hapo. Baadaye, nimeshapona, nikasoma habari ya mtu mmoja wa Massachusetts, Marekani, wa miaka 54, iliyoandikwa na madaktari wake mwaka 2020. Alikuwa anakula pipi nyeusi za urukususu, mfuko mmoja na nusu kwa siku, wiki tatu. Moyo ukasimama, akafa. Nilifunga simu nikaenda kukaa uani.

Waliniwekea dripu ya potasiamu, na hiyo si dripu ya kukimbiza, kwa sababu ikiingia kwa haraka yenyewe ndiyo inayousimamisha moyo. Inashuka tone baada ya tone, na mshipa unawaka kama umepakwa pilipili. Mama akaja na madafu manne na mkungu wa ndizi, ameshasikia potasiamu imo humo. Imo kweli. Daktari akamwambia, "Mpe anywe, Bibi, lakini shimo hili halizibwi kwa madafu. Na tafadhali, yule wa kitanda cha pili usimpe." Yule wa kitanda cha pili figo zake zilikuwa mbovu, hazitoi potasiamu, inajaa mwilini mwake. Kwa hiyo palepale, hatua tatu kutoka kitandani kwangu, dafu nililoletewa mimi kwa wema lingeweza kumuua mwenzangu.

Kitu kingine nilichokifanya kutoka kitandani ni kumpigia simu mwana wa dada yangu. Alikuwa na mimba ya miezi mitano na alikuwa anakuja kwetu kufuturu, na jagi lile alikuwa analipenda. Finland, ambako watu wanakula sana pipi za urukususu, watafiti walikuta wajawazito waliokuwa wakila kwa wingi walielekea zaidi kuzaa kabla ya siku, na nchi hiyo inawaonya wajawazito wasile nyingi. Bawabu yule yupo na kwenye kondo la nyuma pia, anamkinga mtoto na kotisoli ya mama yake. Nilimwambia tu aache. Yeye alikuwa ananywa glasi moja siku mojamoja, na alijifungua salama.

Nilipotoka baada ya siku nne nilidhani kesho yake nitakuwa mzima. Haikuwa hivyo. Kitu chenyewe kinachelewa kutoka mwilini, na figo linahitaji siku nyingi kurudi kwenye hali yake. Presha ilinichukua wiki tatu kutulia, kwa amlodipini badala ya kile kidonge cha chooni, na kila wiki narudi kutolewa damu. Uvimbe uliondoka kwanza, nguvu za mapaja zikafuata. Makubadhi yakanienea.

Siku hizo za kukaa nyumbani nikafanya hesabu ambayo ningeifanya Rajab. Wataalamu wa chakula wa Ulaya waliweka kikomo cha glisirizini, miligramu 100 kwa siku kwa mtu mzima. Nikachukua mizani ya jikoni nikapima kijiko changu cha mlima: gramu 7. Viwili kwa siku, gramu 14, mbali na vijiti na jagi. Glisirizini kwenye mzizi haina kiasi kimoja, huwa asilimia mbili, huweza kuvuka kumi, inategemea umeota wapi na umevunwa lini. Nikachukua tano. Asilimia tano ya gramu 14 ni miligramu 700, mara saba ya kikomo. Ningechukua kumi ingekuwa mara kumi na nne. Na watu wenye presha, au wanaotumia vidonge kama vyangu, wanaweza kudhurika kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Hesabu ya darasa la sita, mwalimu wa darasa la sita hakuifanya.

Kumbe na historia yake ni ndefu. Mnamo miaka ya 1940 daktari mmoja wa Uholanzi, Revers, aliwapa wagonjwa wa vidonda vya tumbo dawa ya urukususu, wakapata nafuu, na baadhi yao wakavimba kama nilivyovimba mimi. Miaka ya 1960 Uingereza wakatengeneza dawa kutokana na kitu kilekile, kabenoksoloni, ikatibu vidonda, ikapandisha presha, ikaja ikaachwa zilipopatikana zilizo bora. Kwa hiyo shangazi hakukosea aliposema unafaa tumbo. Nami sina ugomvi na dawa za miti, nyumba yetu haijawahi kukosa. Ila nilikuwa na imani moja ya kijinga, kwamba kitu cha mzizi kama hakikusaidii basi hakikudhuru, kinapita tu. Kitu chenye nguvu ya kutuliza kidonda kina nguvu ya kufanya na mengine.

Tumbo lenyewe? Nilipopimwa, kwa kinyesi tu, hakuna mpira wa kushushwa kooni wala nini, nikakutwa na Helikobakta, yule bakteria wa vidonda vya tumbo ambaye madaktari Marshall na Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua. Nikapewa dawa za siku kumi na nne, aina tatu kwa pamoja, mdomo ukawa mchungu kama nimelamba shaba. Moto wa saa tisa za usiku haujarudi. Miezi mitatu ya urukususu ilikuwa inamfunika yule bakteria blanketi.

Shangazi alipokuja kunitazama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Kijiko gani ulitumia?" Nikamwonyesha. Akakichukua, akakigeuza, akasema, "Hiki cha kupakulia mchuzi. Mimi nilikwambia urukususu, nilikwambia uufanye wali?" Tukacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Lakini tangu siku hiyo kila kitu ananiuliza mimi, na tangawizi je, na manjano je, na habasoda je, kama kwamba kulazwa kumenipa shahada. Namwambia kwenye chakula endelea, Shangazi. Ukitaka kuvifanya dawa ya kila siku, basi daktari wako umwambie jina na kijiko.

Kwa Ami nilikwenda mwisho. Nilichukua ile pakiti iliyobaki, nikaiweka juu ya meza yake, nikamweleza. Mwanzo hakufurahi. "Mwalimu, babu yangu ameuza kitu hiki, baba yangu ameuza, hakuna aliyerudi." Nikamwambia, Ami, asiyerudi huenda hakuweza kurudi, huenda amepelekwa hospitali akaambiwa presha tu, naye hakukutaja, kama nilivyokuwa sikukutaja. Zanzibar ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na upo Wakala wa Chakula na Dawa, lakini kikaratasi kile cha mkono nani atakisoma, kimewekwa kwenye nailoni usiku nyuma ya duka? Sikuja kumshitaki. Nilimwomba maneno mawili tu: kabla hajapima, aulize.

Akaniangalia, akavuta sanduku la boflo lililokuwa chini, akachana kipande, akaniomba ile kalamu yangu nyekundu. Akaandika: URUKUSUSU – PRESHA, MIMBA, FIGO, MOYO – ULIZA KWANZA. Akakisimamisha juu ya gunia.

Nilikuwa bado nimesimama pale nasubiri chenji ya hiliki alipoingia mzee mmoja mwenye bakora, akataka urukususu wa robo. Ami akanitupia jicho, akakohoa.

"Samahani, Mzee wangu, presha unayo?"

Mzee akaangalia kile kibao, akamwangalia Ami, akaniangalia na mimi.

"Presha gani? Ninayo hii ya kawaida tu, ya utu uzima. Pima."

Ami akabaki na koleo mkononi, hajatia wala hajaweka chini.